Kadi Isiyo na Barua

Kindu, 9 Februari 2003
Barua wazi. Ziandikwe habari za familia tu.
Kwa: Idrissa Asumani, mfanyakazi wa reli, Kibombo

Mume wangu,

Wanaobeba barua wameniambia karatasi hii haitafungwa, na kila mwenye bunduki njiani anaweza kuisoma. Basi waisome. Huu ni mwezi wa sita tangu ulipotoka Kindu kwa miguu kumfuata mdogo wako Abdoul, baada ya kusikia anaumwa sana huko Kibombo. Uliniambia siku kumi: nne za kwenda ukifuata reli, mbili za kupumzika, nne za kurudi naye. Nimezihesabu siku hizo mpaka nimechoka.

Idrissa, Mwajuma wetu ametutoka. Ni surua, tarehe 20 Januari. Majirani walimzika, mimi nilikuwa nimekaa ndani naangalia viatu vyake. Sikutaka ulijue hili kwa karatasi, lakini nimepewa karatasi moja na sijui ya pili nitaipata lini. Kama uko hai, niandikie hata neno moja nilishike. Nikijua upo nitakungoja, iwe mwezi, iwe miaka. Nisipojua, nadhani nitamfuata mtoto.

Sharifa


Kibombo, 2 Machi 2003
Nyuma ya karatasi ileile

Mke wangu Sharifa,

Mkono wangu wa kulia umevimba, kwa hiyo mjumbe wa barua ndiye anayeniandikia. Niko mzima. Abdoul naye amepona. Habari ya Mwajuma imenikata nguvu. Njia imefungwa pande zote. Ikifunguka nitakuja. Kula, lala, usikae peke yako muda mrefu. Ningoje.

Idrissa


Kindu, 14 Julai 2025

Shemeji Abdoul,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Najua utacheka ukiona karatasi wakati simu ipo, lakini simu yako ya Lubumbashi inakatika kila ninapofika kwenye jambo lenyewe, na jambo hili nataka ulisome mara mbili. Nimempa Mama Bernadette, anayekuja huko na mafuta ya mawese. Amebeba pia flashi niliyoifunga kwenye kitambaa. Usiichanganye na funguo zako ukaja kuniambia imepotea.

Unajua nimefanya kazi katika ofisi ya kutafutana hapa mtaani Kasuku tangu 2004. Nilikuwa nakuja kila Jumatatu kuuliza habari za Idrissa, mwishowe wakaona afadhali wanipe kiti. Kila aliyepotelewa na mtu wakati wa vita aliandikiwa kadi: jina la anayetafuta, jina la anayetafutwa, na mahali alipoonekana mara ya mwisho. Tuna kadi 4,112. Binti mmoja anaitwa Elodie amekaa miaka miwili akiziingiza kwenye hifadhidata ya kompyuta, na hiyo ndiyo iliyomo kwenye flashi.

Desemba ofisi inafungwa. Wafadhili wamechoka na vita vyetu vya zamani, wanavyo vipya vya kushughulikia. Lakini mkuu wetu, Mama Jacqueline, hataki kufunga mlango kimyakimya. Anataka kila mwenye kadi apewe barua yake, yenye jina lake, ikimwambia moja kati ya mambo matatu: mtu wako amepatikana, mtu wako amefariki, au hatujui alipo na tumeacha kutafuta. Elodie amejaribu kuziandika moja moja. Kwa siku anamaliza kumi na mbili, halafu mgongo unamuuma.

Wewe kazi yako ndiyo hiyo ya hifadhidata. Tusaidie. Na mimi nimo humo, kadi namba 618. Nina miaka hamsini na moja, Abdoul. Nikiandikiwa kwamba tumeacha kutafuta, basi nami nitakuwa na ruhusa ya kuacha kungoja. Nimejaribu kujipa ruhusa hiyo mwenyewe, nimeshindwa.

Shemeji yako,
Sharifa


Lubumbashi, 3 Agosti 2025

Shemeji Sharifa,

Aleikum salaam. Flashi imefika salama, haina hata mkwaruzo. Mama Bernadette amenipa na chupa ya mafuta, akasema umesema nimekonda. Nani amekuambia?

Kazi hii inawezekana. Nitakueleza inavyokwenda, maana najua usipoelewa hutanipa raha. Ndani ya hifadhidata nitaandika utaratibu mmoja na kuuhifadhi humohumo. Utakaa kimya mpaka uitwe. Ukiuita na kuupa namba ya kadi moja, unasoma hali ya kadi hiyo, unachagua barua inayofaa kati ya zile tatu, unajaza majina na tarehe, kisha unaandika kwenye kadi kwamba imejibiwa. Ni kadi moja tu, nyingine haizijui.

Halafu nitaandika ulizo, yaani swali ninaloiuliza hifadhidata: niletee kadi zote ambazo hazijajibiwa. Jibu linakuja kwa mistari, kila kadi mstari wake. Kompyuta inashika mstari wa kwanza, inauita utaratibu. Inashika wa pili, inauita tena. Hivyo hivyo mpaka mistari iishe. Wenzangu kazini wangenicheka, wao wanapenda kugusa mistari yote kwa amri moja kwa kuwa ni haraka. Lakini hizi ni barua za watu. Acha waende mmoja mmoja.

Kuhusu kadi yako, shemeji, una hakika unataka barua? Karatasi ya ofisi haitakuambia kitu usichokijua. Mimi nakaa peke yangu huku tangu mke wangu arudi kwao Kolwezi, na naweza kukuambia kwamba kungoja kidogo si jambo baya. Kunampa mtu sababu ya kuamka.

Abdoul


Kindu, 29 Agosti 2025

Shemeji,

Kungoja kidogo! Miaka ishirini na miwili wewe unaiita kidogo. Siku ndege yako ikichelewa saa mbili tu nataka nikuone.

Maelezo yako nimeyaelewa. Nimemsomea Mama Jacqueline, akauliza kama huo utaratibu unakula. Nikamwambia unakula kidogo kuliko Elodie. Elodie amenuna tangu asubuhi.

Unamkumbuka Yassine, fundi wa injini pale stesheni? Alikuja kuniposa 2006, akarudi 2009. Mara zote mbili nilimtolea ile karatasi ya Kibombo, nikamwonyesha neno la mwisho. Mara ya pili aliisoma, akaikunja vizuri, akasema, "Sharifa, mimi siwezi kushindana na mutu hayuko hapa." Alioa Lubutu, ana watoto sita. Nilimpenda, sasa naweza kulisema maana halimdhuru mtu. Lakini nilikuwa na mume, na mume alisema nimngoje.

Sikusumbui tena kwa maswali. Wewe ndiye uliyemwona Idrissa akitoka Kibombo Aprili ile ya 2003 kurudi kwangu, na baada yako hakuna aliyemwona. Kila nikikuuliza alivaa nini siku hiyo, unasema umesahau. Sawa, watu wanasahau. Ninachokuomba ni kimoja: mstari wangu upite kama mistari ya wengine. Usinitangulize kwa sababu mimi ni shemeji yako, wala usiniweke nyuma.

Sharifa


Lubumbashi, 21 Septemba 2025

Shemeji,

Kazi imekwisha. Niliuendesha utaratibu Jumapili mchana. Niliuagiza uonyeshe kila jina kwenye kioo kabla ya kuandika barua, nikakaa nayatazama yakipita. Kuna watu niliosoma nao. Kuna mwalimu wangu wa darasa la nne anayetafuta wanawe watatu, kadi tatu zinafuatana. Kompyuta haikusimama kwake hata kidogo, ikaenda kwa mwingine.

Barua ziko kwenye flashi, pamoja na utaratibu wenyewe na ulizo, kama kumbukumbu ya ofisi. Chapisheni, mgawe. Nisamehe kwa barua fupi, nina kazi nyingi. Nisalimie Mama Jacqueline.

Abdoul


Kindu, 18 Oktoba 2025

Shemeji yangu mwenye kazi nyingi,

Mungu akulipe. Mashine ya kuchapa ilituharibikia mara mbili na wino uliletwa kwa ndege, lakini tumemaliza. Meza zote zimejaa. Watu wameanza kuja, wengine kwa pikipiki, wengine kwa mtumbwi kutoka Alunguli. Juzi alikuja mzee kutoka Pangi, kwa miguu siku tatu. Barua yake ilikuwa ya "hatujui". Niliogopa kumsomea. Akaniambia nirudie, nikarudia. Akasema, "Aksanti mama. Sasa tunajua sawasawa, mimi na ninyi." Akaiweka ndani ya kofia, akaenda zake. Nilimwonea wivu, Abdoul, utaniamini?

Sasa sikiliza. Mimi nina namna yangu ya kufanya kazi. Kila barua iliyochapishwa niliifunga na kadi yake ya karatasi kwa mpira. Elodie akasema si lazima, hifadhidata inajua yenyewe. Nikamwambia mimi nilianza kazi hapa kabla ya hifadhidata. Kwa siku tisa nilifunga moja moja, na mwishoni mkononi mwangu ikabaki kadi moja isiyo na barua. Niligeuza meza zote. Tulihesabu upya: kadi 4,112, barua 4,111.

Iliyobaki ni namba 618. Ni mimi.

Nilicheka mpaka Mama Jacqueline akatoka ofisini kwake kuuliza kuna nini. Watu elfu nne wamejibiwa, na karani aliyewaandika ndiye hakujibiwa. Baadaye sikucheka. Nilirudi nyumbani nikalala na nguo za kazi. Niambie tu, mashine yako imeniruka kwa nini?

Sharifa


Lubumbashi, 2 Novemba 2025

Shemeji,

Pole sana. Nadhani tarehe kwenye kadi yako iliingizwa vibaya. Mstari wenye tarehe isiyosomeka hauletwi na ulizo, kwa hiyo utaratibu haukuitwa kwa ajili yako. Ni kasoro ndogo ya kiufundi, hutokea. Nitairekebisha nikipata nafasi. Usihangaike nayo, na tafadhali msiguse kitu kwenye lile faili, mnaweza kuharibu mengine.

Abdoul


Kindu, 16 Novemba 2025

Abdoul,

Tarehe ya kadi yangu inasomeka. Niliiandika kwa mkono wangu, na Elodie ameiingiza kama ilivyo.

Tumeligusa faili. Elodie amefungua ulizo lako akanitafsiria mstari kwa mstari. Umeandika: lete kadi zote ambazo hazijajibiwa. Chini yake umeandika: isipokuwa namba 618. Nilimwomba asome tena. Akanitazama akasema, "Mama, mashini haiachaka mutu yenyewe. Ni mutu njo aliandika hii."

Nimekaa na neno hilo siku nne kabla ya kushika kalamu. Kama hujui chochote kuhusu Idrissa, barua ya "hatujui" ingekugharimu nini? Uliniruka kwa sababu unajua. Unajua nini?

Sharifa


Lubumbashi, 30 Novemba 2025

Shemeji,

Idrissa hakutoka Kibombo. Mkubwa wangu alifariki tarehe 3 Novemba 2002, siku tatu kabla ya Ramadhani, mikononi mwangu. Alikuwa amelala msituni wiki tano akikwepa vita, akafika kwangu anahara damu. Aliishi siku nane. Tulimwosha mimi na imamu wa pale, tukamzika nyuma ya msikiti mdogo, upande wa reli. Aliongea habari zako na za Mwajuma mpaka siku ya sita, baadaye hakuongea tena. Alikuwa amevaa shati la kazi la rangi ya bluu. Sikusahau hata siku moja.

Ulipoandika ile karatasi ya Februari, alikuwa na miezi mitatu chini ya udongo. Mjumbe alinikuta nimekaa mlangoni. Akauliza, "Wewe njo Idrissa Asumani?" Masharti yao yalikuwa hayo: karatasi apewe mwenye jina tu, na asipokuwepo irudi ilikotoka bila jibu. Ilikuwa wazi mkononi mwake, nikaona maneno. Nikaona "Mwajuma wetu ametutoka". Nikaona "nitamfuata mtoto". Nikafikiria karatasi hiyo ikirudi kwako tupu.

Nikasema, "Njo mimi."

Akanipa kalamu nijibu nyuma. Mwandiko wangu ungeujua mara moja. Nikamwambia mkono umevimba, andika wewe. Alikuwa amesimama, ana karatasi nyingine nyingi, anatazama mawingu, anataka kuondoka kabla ya mvua. Nilikuwa na dakika tano za kuwa mume wako. Neno "ningoje" lilinitoka kwa sababu ndilo ulilokuwa unaliomba.

Nilidhani nitakuambia njia ikifunguka. Ilipofunguka ulikuwa umeanza kula, umepata kazi, umeanza hata kunitania. Nikasema mwaka ujao. Ukaniuliza yuko wapi, nikasema alitoka Aprili. Kila mwaka uliopita ulifanya mwaka unaofuata kuwa mgumu zaidi, mpaka nikawa naogopa simu yako. Uliponiandikia habari za Yassine Agosti hii niliweka barua chini nikatoka nje nikatembea mpaka miguu ikauma. Sikujua kwamba alikuja. Sikujua kwamba ulimpenda.

Na kuna jambo la pili, ambalo ni baya kuliko la kwanza. Siku nilipotuma habari kwamba naumwa sana, malaria yangu ilikuwa imeshaondoka. Niliogopa tu kukaa peke yangu Kibombo na milio ile ya bunduki. Mkubwa wangu alitembea akafa kwa ajili ya mgonjwa ambaye hakuwa mgonjwa. Ningekuambia amekufa, ungeniuliza amekufa kwa sababu gani.

Jumapili ile, kabla ya kuendesha mistari yote, niliuita utaratibu kwa kadi yako peke yake, kujaribu. Utaratibu ukasoma hali: hatujui. Uliisoma hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyekuambia hatujui. Ukaandika barua safi, yenye jina lako, ikisema hatujui alipo Idrissa Asumani. Nikaifuta. Nilikuwa nimekudanganya kwa mdomo wangu, nikashindwa kuifundisha kompyuta nayo uongo huo. Nikajaribu kubadilisha hali iwe "amefariki". Utaratibu ukanikatalia, kwa kuwa mimi mwenyewe niliuandika udai tarehe ya kifo na jina la aliyeleta habari. Mahali pa jina nilikaa muda mrefu. Basi nikauacha mstari wako nje. Nilidhani kati ya elfu nne hakuna atakayeona. Sikufikiria kwamba utafunga kila kadi kwa mpira.

Sijamwambia mtu mwingine. Hata mke wangu sikumwambia, na nadhani ndilo lililomchosha, kukaa na mtu anayeficha kitu bila kujua ni kitu gani. Siombi unisamehe. Naomba tu ujue kwamba siku ile mlangoni nilitaka uishi.

Abdoul


Kindu, 20 Desemba 2025

Abdoul,

Barua yako niliisomea kwenye ngazi za ofisi, sikuweza kungoja mpaka nifike kwenye kiti. Elodie alinikuta pale. Sikulia. Nilimpa akasoma, halafu nikamwambia, ingiza.

Akaingiza tarehe: 3 Novemba 2002. Mahali pa aliyeleta habari akaandika: Abdoul Asumani, mdogo wa marehemu. Akauita utaratibu wako kwa namba 618, kadi hiyo peke yake. Barua ikatoka hata sijavuta pumzi vizuri. Miaka yote hii, kumbe ilikuwa kazi ndogo namna hiyo.

Nikanyoosha mkono niichukue, Mama Jacqueline akanizuia. "Sharifa, leo uko mugeni. Ikala kule kwa benchi." Nimefanya kazi humo miaka ishirini na moja, sikuwahi kukaa kwenye lile benchi tangu waliponipa kiti. Alikaa mahali pangu, akavaa miwani, akanisomea kama mimi ninavyowasomea wengine: taratibu, jina lote, bila kuruka neno. Tunasikitika kukujulisha. Chini kabisa kuna jina la karani anayethibitisha, ambalo ni langu, kama kwenye barua zote. Nikatia sahihi kwamba nimetoa, nikatia sahihi kwamba nimepokea. Elodie ndiye aliyelia.

Nikarudi nyumbani nikatoa nguo nyeupe. Nilikuwa nimejiandaa kukaa eda, miezi minne na siku kumi ndani, kama mwanamke yeyote aliyefiwa. Nilikuwa naitaka eda hiyo, Abdoul. Nilitaka watu waje wakae kwenye mkeka wangu, wasiseme kitu. Nikaenda kwa shehe kumwuliza nianze siku gani. Akataka tarehe ya kifo, nikampa. Akahesabu kwa vidole. Akahesabu tena, halafu akasema, "Mama, eda inahesabiwa tangu siku ile mume alikufa, hata kama mwanamuke hakujua. Ya kwako ilishakwisha. Haijabaki hata siku moja."

Ilikwisha karibu tarehe 11 Machi 2003. Nilirudi nikatoa ile karatasi ya Kibombo, nikaangalia muhuri wa siku niliyoipokea hapa Kindu. Ni tarehe 5 Aprili. Fahamu maana yake. Siku neno lako lilipoingia mkononi mwangu, sikuwa mke wa mtu, na hata mjane anayekaa ndani sikuwa tena. Nilikuwa mwanamke huru wa miaka ishirini na tisa. Karatasi yako ndiyo iliyonifunga.

Najua ulitaka niishi. Na niliishi, siwezi kusema uongo juu ya hilo. Mwaka ule ningekufa kweli. Linalonichoma ni kwamba uongo wako ulifaa kwa mwaka mmoja, ukauacha ufanye kazi miaka ishirini na miwili. Kuhusu malaria yako, hilo nimekusamehe palepale niliposoma. Mtu anayeogopa kukaa peke yake namwelewa kuliko unavyodhani. Lakini uongo wa miaka yote hii sijakusamehe. Sijui kama nitaweza, usiniulize kwenye simu. Kiangazi kikifika njoo Kibombo unionyeshe kaburi, halafu kila mtu ashike njia yake.

Ofisi ilifungwa jana. Mama Jacqueline amebeba funguo kwenda kuzikabidhi. Jumatatu sina pa kwenda.

Jana jioni nilipika sombe la majani ya muhogo, nikapakua, na nilipoketi nikaona mezani nimeweka sahani mbili. Hujui kwamba huwa naweka mbili. Hakuna anayejua, kwa sababu hakuna anayekuja. Nilikaa naitazama ile ya pili mpaka ikapoa. Mume nilimkosa miaka ishirini na mitatu, Abdoul, lakini yule mtu wa kungojwa alikuwa anakula nami kila jioni. Umeniambia ukweli, naye ameondoka. Nyumba hii haijawahi kuwa kimya namna hii.

Sharifa